Biblia Moja, Usomaji Zaidi ya Mmoja: Ulinganisho wa Namna Wakristo Wanavyoyaelewa Maandiko Kuhusu Kutoa Mimba

Katika ukoo wetu hapa Tabora, madhehebu manne hula sinia moja. Mama ni Mkatoliki tangu utotoni, shemeji yangu ni mzee wa kanisa katika Moravian, mdogo wangu wa kike ameokoka na anasali kwa Wapentekoste, nami nimebaki Mwanglikana kama alivyokuwa marehemu baba. Jumapili jioni, kila mmoja akisharudi kutoka ibadani kwake, tunakaa chini ya mwembe wa uani na kusoma sura moja ya Biblia. Siku tuliyofika Kutoka 21, shemeji alisoma aya ya 22 katika Biblia yake ya zamani ya Union, ambayo jalada lake limeshonwa upya kwa uzi wa viatu: watu wanaogombana wanamwumiza mwanamke mwenye mimba, "hata akaharibu mimba". Mdogo wangu, aliyekuwa akifuatia kwenye simu katika tafsiri ya siku za karibuni, akamkatiza kwa adabu: "Samahani shemeji, hapa kwangu pameandikwa kwamba akazaa kabla ya wakati." Shangazi, ambaye ni mkunga mstaafu, aliweka chini kikombe chake akasema kwamba leba hayo ni mambo mawili, kwa kuwa mimba iliyoharibika na mtoto njiti haviandikwi mahali pamoja.

Tofauti hiyo ya maneno machache ndiyo iliyonifanya niandike ulinganisho huu, kwa ajili ya msomaji ambaye, kama sisi, anasikia kila upande ukitamka "Biblia inasema" na anataka kujua aegemee wapi na kwa sababu gani. Ninaposema kutoa mimba nina maana ya kuikatisha kwa kusudi. Mimba inayoharibika yenyewe ni msiba, na aliyefikwa nao hahitaji hoja bali kufarijiwa.

Usomaji unaopatikana miongoni mwa Wakristo, ukiacha vivuli vya hapa na pale, ni wa aina tatu. Wa kwanza unashika kwamba kilichomo tumboni ni mtu tangu kutungwa kwa mimba, na kwa hiyo amri ya "Usiue" inamhusu moja kwa moja. Huu ndio msimamo wa Kanisa Katoliki, wa Waorthodoksi, na wa Wapentekoste na Wainjili walio wengi. Wa pili unakubali kwamba uhai huo ni wa Mungu na kwamba kuukatisha ni jambo baya, lakini unaona kwamba Maandiko hayakuulinganisha kwa kila hali na uhai wa mtu aliyekwisha kuzaliwa, hivyo zipo hali chache na nzito ambamo uhai wa mama unatangulia. Kanisa la Uingereza, kwa mfano, hutamka kwamba linapinga kutoa mimba kwa nguvu, na papo hapo likikiri kuwapo kwa hali hizo chache. Wa tatu, unaosikika zaidi katika baadhi ya makanisa ya Marekani kama United Church of Christ, unasema kwamba Biblia haikulikata shauri jambo hili na kwamba uamuzi ni wa mwanamke mwenyewe, kwa dhamiri yake mbele za Mungu. Katika mimbari za Tabora huu wa tatu ni nadra sana kuusikia, lakini vijana wetu wanakutana nao kwenye simu zao, na si haki kuwaambia kwamba haupo.

Ukimya ambao pande zote hukutana nao

Kabla ya kulinganisha aya, yafaa msomaji ajue jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka: hakuna aya hata moja, katika Agano la Kale wala Jipya, inayotaja kutoa mimba kwa kusudi na kutoa hukumu juu yake. Anayesema hivyo si mpinzani wa Kanisa. Papa Yohane Paulo wa Pili mwenyewe, katika waraka wake Evangelium Vitae alioutia saini tarehe 25 Machi 1995, sikukuu ya Kupashwa Habari, alikiri katika aya ya 61 kwamba Maandiko hayazungumzii kamwe utoaji mimba wa makusudi na kwa hiyo hayaulaani waziwazi, kisha akaeleza kwamba namna Maandiko yanavyomheshimu mtu aliye tumboni inatosha kuifanya amri ya Mungu imfikie na yeye.

Ukimya huo unashangaza zaidi mtu akikumbuka kwamba majirani wa Israeli hawakunyamaza. Sheria za Waashuru wa kale, za karne nyingi kabla ya Kristo, ziliagiza kwamba mwanamke anayejitoa mimba achomekwe kwenye mti na asizikwe. Jambo lilijulikana, basi, na Torati haikulitaja. Usomaji wa kwanza unaeleza kwamba halikutajwa kwa sababu halikufikirika: katika taifa ambalo Raheli alilia "Nipe wana, kama sivyo, nitakufa mimi", na Hana akamwaga machozi Shilo kwa kukosa mtoto, nani angetunga sheria ya kumkataza mwanamke kuitupa baraka hiyo? Usomaji wa tatu unajibu kwamba Torati imekataza mambo mengi yasiyofikirika zaidi ya hilo, na kwamba mahali ambapo Mungu amenyamaza, mwanadamu asijifanye msemaji wake. Mimi naona maelezo ya kwanza yana uzito zaidi kihistoria, ila nakiri kwamba ukimya ni ushahidi dhaifu kwa yeyote anayeutumia.

Kutoka 21:22–25

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo sheria ya Musa inagusa mimba iliyopotea kwa mkono wa mtu, na kila upande huifanya ngome yake. Kwa kufuata Union, mimba ikiharibika na "yasiwe madhara zaidi", aliyesababisha atatozwa kadiri mume atakavyodai na waamuzi watakavyoamua. Lakini yakiwapo madhara zaidi, ni uhai kwa uhai, jicho kwa jicho. Ukisoma hivyo, hitimisho linakuja lenyewe: kupotea kwa mimba kunalipiwa fidia, kufa kwa mama kunalipiwa uhai, basi viwili hivyo havikuwa na daraja moja. Usomaji wa pili na wa tatu husimama hapo, na huweza kuongeza kwamba sheria za Hammurabi wa Babeli zilipanga vivyo hivyo, zikitoza shekeli kumi za fedha kwa mimba ya mwanamke huru iliyoharibiwa kwa kipigo, na adhabu ya kifo, tena juu ya binti wa mpigaji, endapo mwanamke mwenyewe angekufa.

Ukisoma katika simu ya mdogo wangu, mambo yanageuka. Mtoto amezaliwa kabla ya wakati lakini yu hai, ndiyo maana pana faini tu. Na "madhara" yanayolipwa uhai kwa uhai yanaweza kuwa ya mama au ya mtoto, wote wawili wakiwa chini ya ulinzi mmoja. Wenye usomaji huu wana hoja ya lugha ambayo si ya kupuuzwa: Kiebrania cha aya hiyo kinasema tu kwamba "watoto wake wakatoka", kwa kitenzi cha kawaida cha kutoka, ilhali lugha hiyo ina kitenzi kingine cha kuharibu mimba, ambacho mwandishi alikitumia katika kitabu hichohicho, sura ya 23 aya ya 26, na hapa hakukitumia. Upande wa pili unajibu kwa hoja ya maisha badala ya lugha, na hapa shangazi aliwaunga mkono bila kujua: katika jangwa lile, mtoto njiti aliyetolewa na kipigo angeishi kwa lipi, wakati hata leo, penye joto la kifuani mwa mama na mashine za hewa, tunawapoteza?

Wayahudi wa Aleksandria walioitafsiri Torati kwa Kiyunani, karne ya tatu kabla ya Kristo, walikuwa wamekwisha kuielewa aya hii kwa namna ya tatu kabisa: kama kilichotoka hakijapata umbo, ni faini; kama kimekwisha kupata umbo, ni uhai kwa uhai. Wakristo wa mwanzo walisoma tafsiri hiyo, na kutoka humo Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale, alipata tofauti aliyoifanya baina ya mimba yenye umbo na isiyo na umbo. Yeronimo naye, alipoitafsiri Biblia kwa Kilatini, alirudi kwenye mimba kuharibika na mama kubaki hai. Yohane Calvin, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti wa karne ya 16, aliandika kuhusu aya hiihii kwamba mtoto, ingawa amefungiwa tumboni mwa mama yake, ni mwanadamu tayari.

Hukumu yangu ni kwamba aya hii haiwezi kubebeshwa mzigo ambao pande zote mbili zinautwika. Inahusu ajali ndani ya ugomvi wa wanaume, wala si uamuzi wa mwanamke. Na hata tukikubali kwamba ni mimba iliyoharibika, udogo wa adhabu hauonyeshi kwamba aliyepotea si mtu, kwa kuwa aya mbili kabla ya hiyo bwana anayempiga mtumwa wake, mtumwa akaishi siku moja au mbili kisha akafa, haadhibiwi, kwa sababu "ni fedha yake". Na hakuna kati yetu, katika mji huu ambao misafara ya watumwa ilipita ikielekea Bagamoyo, atakayesema kwamba mtumwa hakuwa mtu. Anayechagua usomaji wake kwa kutegemea aya hii peke yake, awe wa upande wowote, amejenga juu ya mchanga.

Mashairi na manabii

Usomaji wa kwanza una nguvu zaidi katika Zaburi 139 kuliko katika Torati. "Maana Wewe ndiwe uliyeniumba mtima wangu, uliniunga tumboni mwa mama yangu," anasema mwimbaji, na kuendelea: "Macho yako yaliniona kabla sijakamilika." Yeremia anaambiwa kwamba Mungu alimjua kabla hajamuumba tumboni. Ayubu, katika sura ya 10, anamkumbusha Mungu kwamba alimmimina kama maziwa na kumgandisha kama jibini, mfano ambao kwa watu wa huku tunaokunywa maziwa ya mgando hauhitaji mhubiri.

Upande mwingine hujibu kwamba hili ni shairi na wala si somo la baiolojia: aya ya 15 ya Zaburi hiyohiyo inasema mwimbaji aliungwa "pande za chini za nchi", na hakuna anayefundisha kwamba mimba hukaa chini ya ardhi. Tena Mungu alimjua Yeremia *kabla* ya kumuumba, kwa hiyo aya inasema juu ya ujuzi wa Mungu usio na mwanzo na wito wa nabii mmoja, wala haitaji siku ambayo mtu anaanza kuwa mtu. Majibu haya ni ya haki, lakini naona yanaacha kitu bila kukigusa. Katika mashairi haya yote anayesema hasemi "kiliungwa kitu ambacho baadaye kikawa mimi", anasema "uliniunga". Mimi wa leo na aliyekuwa tumboni ni mmoja. Hilo halitaji wiki wala mwezi, lakini ni mtazamo, na usomaji wa tatu bado haujanipa maelezo yanayoutosheleza.

Luka sura ya 1 inafuata mkondo huohuo. Kitoto kichanga kikaruka tumboni mwa Elisabeti, na neno la Kiyunani alilotumia Luka hapo ndilo analolitumia katika sura ya 2 kwa mtoto Yesu aliyelazwa horini. Wanaopinga wanakumbusha kwamba mimba ya Elisabeti ilikuwa imefika mwezi wa sita, hivyo haituambii lolote kuhusu wiki za kwanza. Kwa Yohana ni kweli. Mama, ambaye kwa kawaida husikiliza tu, aliuliza: na Maria je? Alikuwa ametoka kupashwa habari, akaondoka kwa haraka, na Elisabeti alimwita "mama wa Bwana wangu" papo hapo. Hoja hiyo wanateolojia wa Kikatoliki wanayo, ingawa sidhani kama mama aliisoma popote.

Pumzi ya Adamu na maji ya uchungu

Aya mbili zinazopendwa na usomaji wa tatu nitazipitia haraka, kwa sababu sioni kama zinafika zinakopelekwa. Mwanzo 2:7 inasema Adamu akawa nafsi hai alipopuliziwa pumzi puani, na wapo wanaohitimisha kwamba uhai wa mtu huanza anapovuta pumzi ya kwanza. Lakini Adamu hakuzaliwa na mwanamke, na kumfanya yeye kipimo cha mimba ni kumpima mtoto kwa mtu ambaye hakupita tumboni. Hesabu 5, penye mwanamke anayeshukiwa uzinzi na kunyweshwa maji ya uchungu yaletayo laana, husomwa na baadhi kama utoaji mimba ulioamriwa na Mungu. Maandiko hayasemi kwamba mwanamke huyo alikuwa na mimba, na maji yenye vumbi la maskani si dawa. Anayeadhibu pale ni Mungu mwenyewe. Kwa upande wa usomaji wa kwanza nako, wapo wahubiri wanaodai kwamba neno la "uchawi" katika Wagalatia 5:20, ambalo kwa Kiyunani lina asili ya madawa, lilikusudia dawa za kutolea mimba. Inawezekana neno liligusa hata hizo, lakini kulifanya katazo la wazi ni kulivuta kupita urefu wake.

Nani anajaza mahali palipo kimya?

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, msomaji anapochagua hasa, kwa sababu anayechagua usomaji anachagua pia mamlaka. Mkatoliki hasimami juu ya Biblia pekee, anayo na Mapokeo, yaani mafundisho yaliyorithishwa ndani ya Kanisa, na Mapokeo hayakunyamaza. Didake, mafundisho ya Wakristo wa karne za kwanza kabisa, yanaagiza katika sura ya 2: usimuue mtoto kwa kutoa mimba. Tertulian, mwandishi Mkristo wa kale, alisema vivyo hivyo, na askofu Basili wa Kaisaria akakataa hata kuuliza kama mimba ilikuwa na umbo au la. Kweli, adhabu za kanisa zilibadilika: Papa Sixtus wa Tano alizikaza mwaka 1588 bila kujali umri wa mimba, Gregori wa Kumi na Nne akazilegeza mwaka 1591, na Pius wa Tisa akaifuta tofauti hiyo mwaka 1869. Kilichopanda na kushuka kilikuwa kipimo cha adhabu. Kwamba ni dhambi hakikubadilika. Anayeshika usomaji wa kwanza kwa njia hii ana msimamo ulioshikana, na inafaa ajue pia kwamba tangu mwaka 2016, kwa ruhusa ya Papa Fransisko, kila padre anaweza kumwondolea dhambi hiyo anayetubu.

Mprotestanti anayeshika "Maandiko peke yake" ana kazi ngumu zaidi, kwa kuwa lazima akiri kwamba anafikia msimamo wake kwa kukata shauri kutokana na aya nyingi, bila amri iliyoandikwa. Ndiyo maana makanisa yake yameyumba. Wabaptisti wa Kusini wa Marekani, mwaka 1971, walipitisha azimio lililotaka sheria iruhusu kutoa mimba katika hali za kubakwa, za uhusiano wa maharimu, za ulemavu mkubwa wa mtoto na za hatari kwa afya ya mama, hata ya kihisia. Mwaka 2003 wakatamka kwamba wanayajutia maazimio ya aina hiyo. Waadventista Wasabato walikuwa na mwongozo wa mwaka 1992 uliotambua hali za kipekee, kisha mwezi Oktoba 2019 wakatoa tamko lenye kauli kali zaidi juu ya thamani ya mtoto aliye tumboni. Biblia ilikuwa ileile miaka yote.

Mahali ambapo tofauti inafika kitandani

Mkoa wetu una hospitali za makanisa tofauti: Ndala ya Wakatoliki, Sikonge ya Moravian, Nkinga ya FPCT, kanisa la Kipentekoste. Mama mwenye mimba iliyotunga nje ya kizazi, ambayo haiwezi kufika mwisho na inaweza kumuua kwa damu ya ndani, ataokolewa na usomaji wa kwanza na wa pili vilevile, lakini kwa maelezo tofauti. Wa kwanza, kwa mafundisho ya Kikatoliki, unaruhusu kuondoa mrija wa uzazi ulioharibika hata kama mtoto atapotea, kwa kuwa linalokusudiwa ni tiba na kifo hakikukusudiwa. Hauruhusu kumuua mtoto moja kwa moja kama njia. Wa pili unasema wazi kwamba kati ya kupoteza wawili na kuokoa mmoja, mama aokolewe. Sheria ya nchi inawabana wote: Kanuni ya Adhabu inampa anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria hadi miaka 14 jela, na mwanamke mwenyewe hadi miaka 7, huku kifungu cha 230 kikimlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa uhai wa mama. Mwanamke anayevuja damu baada ya mimba kutoka, kwa sababu yoyote ile, apelekwe hospitali kwanza, na maswali ya dhambi yasubiri.

Nikiulizwa nimechagua upi, nitajibu kwamba naegemea wa pili, nikiwa karibu zaidi na jirani yangu wa kwanza kuliko wa tatu. Ile "uliniunga" ya Zaburi inanizuia kuiona mimba kama kitu cha hiari, na uaminifu kwa ukimya wa Maandiko unanizuia kumwambia mama anayekufa kwamba Mungu ameandika asichokiandika. Anayekubali mamlaka ya Mapokeo ana sababu nzuri ya kubaki na usomaji wa kwanza, na sina la kumpinga isipokuwa pale anapodai kwamba Kutoka 21 imemtosha. Anayeshika wa tatu namwomba tu aisome Zaburi 139 kwa sauti, kisha aniambie anaifanyaje.

Jioni ile shangazi ndiye aliyeuliza habari za mimba ya nje ya kizazi, akimtazama mdogo wangu. "Hapo shangazi, aokolewe mama," alijibu mdogo wangu bila kuangalia simu. Mama akasema padre wake angefika hapohapo, ila angezunguka kidogo. Shemeji akafungua tena Biblia yake, tukaendelea na aya ya 26, ile ya mtumwa aliyepigwa jicho likaharibika, na kwa ajili ya jicho hilo akaachwa huru.